Kulala ku oteli kubwa ya zamani Nairobi bila kukwama resepsio: mwongozo kamili kwa sisi wa Lubumbashi

Imetokea tena wiki iliyopita. Saa nne ya usiku telefoni inalia, ni bwana na bibi waliofunga ndoa Jumamosi hapa kwetu, komini ya Kenya, na sasa wako Kenya yenyewe, Nairobi, wamesimama na valizi zao mbele ya resepsio ya oteli kubwa. Chumba kimelipwa tangu mwezi uliopita. Karatasi wanayo mkononi. Na dada wa resepsio anawaambia kwa upole kabisa kwamba hawawezi kupanda. Mimi niko Lubumbashi, banki zimefungwa, sikuwa na la kufanya, wakaenda kulala gesti ya pembeni na usiku wa kwanza wa fungate yao ukaisha vile.

Ni miaka sasa ndugu na marafiki wananituma niwafanyie rezervasio, na karibu wote wanaokwama wanakwama fasi ileile. Si nguo. Si Kiingereza. Si sababu wametoka Congo. Walilipa chumba wakadhani wamemaliza, kumbe oteli ya namna ile inataka vitu vitatu vikubaliane: jina la paspoti, jina la rezervasio, na kadi yenye pesa ya kosioni juu, ni kusema pesa ya dhamana. Kimoja kikikataa, unabaki na valizi.

Nitaongea juu ya oteli mbili ambazo watu wananiuliza kila siku, The Stanley iliyoanza mwaka 1902, ile ya kona ya Kimathi Street na Kenyatta Avenue, na Norfolk ya Harry Thuku Road iliyofunguliwa mwaka 1904. Lakini hatua hizi unaweza kwenda nazo ata Johannesburg ao Brussels, oteli kubwa za zamani zinafanana tabia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza chochote

- Paspoti yenye miezi 6 mbele, si miezi 2.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitoka Congo watakuomba. Chanjo inaanza kuhesabiwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchomwa juzi ya safari. Na mtu akikuambia kadi yako imepita miaka 10, mwambie tangu 2016 ni ya maisha.
- Kadi ya banki ya Visa ao Mastercard, yenye jina LAKO juu yake, na inayofanya kazi nje ya nchi.
- Dola za mkononi, safi, zisizopasuka wala kuandikwa kalamu. Ukiweza chukua noti za 50 na 100, sababu kule ku kubadilisha pesa wanazipa bei nzuri kuliko zile ndogo. Dola za zamani za kichwa kidogo ziache nyumbani.
- Adapta ya prizi. Prizi za Nairobi ni za miguu tatu ya mraba, kama zile za Zambia, hapa mjini zinapatikana na ukipita Kasumbalesa utazikuta.
- Karatasi ya rezervasio iliyochapishwa. Ndiyo, karatasi. Telefoni inazima.
- Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto unayesafiri naye.
- Pesa ya Go Pass (ile kodi ya uwanja wa ndege kwetu) pembeni, kama haikuingia ku tiketi yako.

Viza: Kenya iliwaondolea Wakongomani viza mwaka 2023, lakini masharti ya kuingia yanageuka, uliza kampuni ya ndege kabla ya kulipa.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya pesa yote, si ya chumba

Chukua kalamu. Tuseme bei uliyoona ni dola 180 kwa usiku, na unalala 3. Hiyo ni 540. Hapo njo wengi wanafunga daftari.

Sasa angalia kama bei ile imeandikwa kwamba kodi iko ndani. Kenya iko na kodi ya 16% juu ya chumba, na tena ushuru wa utalii wa 2%. Kama haviko ndani, 540 inakuwa 637 na kidogo. Halafu kosioni. Kila oteli iko na yake, tuseme hii inachukua dola 50 kwa usiku, ni 150 tena. Umefika karibu 790 na bado hujala, hujapanda taksi, hujampa mtu matabishi (tipu).

Kosioni ni nini? Ni pesa oteli inashika kwa ajili ya vitu ambavyo unaweza kutumia mu chumba, vinywaji vya friji ndogo, chakula cha kuletewa, kufua nguo, telefoni. Usipotumia kitu inarudi. Lakini wanaishika ATA kama chumba kimelipwa chote, na hili njo limewaangusha wale maarusi wangu.

Utajua hatua hii imeisha vizuri ukiwa na namba moja mu karatasi, yenye chumba, kodi, kosioni na chakula, na namba hiyo unayo kweli. Kama huna, punguza usiku. Usiku mmoja wa amani unapita usiku tatu za kuhesabu senti.

## Hatua ya 2: Nenda banki yako, kwa miguu, usipige simu

Kadi nyingi za hapa kwetu ziko na kipimo cha siku. Unaweza kuwa na dola 2000 ku konti na kadi ikakataa 700 sababu kipimo chake ni 500. Machine ya oteli haielezi, inasema tu hapana, na dada wa resepsio anafikiri huna pesa.

Uliza mambo manne, na uandike jibu:

Kipimo cha kadi kwa siku ni kiasi gani, na wanaweza kukipandisha kwa wiki moja? Kadi imefunguliwa kwa Kenya? Oteli ikishika kosioni, pesa inarudi ku konti baada ya siku ngapi? Na namba gani ya kupiga usiku kama kadi imefungwa?

Swali la tatu lisikilize vizuri. Kwa kadi za kukata moja kwa moja ku konti, na karibu sisi wote tunatumia hizo, pesa iliyoshikwa hauwezi kuigusa ata kama oteli imekwisha kuiachilia, inaweza kuchukua wiki mbili ao zaidi mpaka ionekane. Kwa hiyo ukienda Nairobi kununua mali ya duka, pesa ya mzigo usiichanganye na kadi ya oteli.

Angalisho: kadi ya ndugu yako haikusaidii. Mara nyingi mjomba wa Brussels anataka kutoa zawadi, analipa chumba na kadi yake, roho nzuri kabisa. Unafika, wanaomba kuona kadi iliyolipa, kadi iko Brussels. Kama mtu mwingine ndiye analipa, aandikie oteli mapema aombe fomu ya mtu wa tatu kulipia, aijaze, aisaini, na wewe ukae na jibu lao linalosema imepokelewa. Na bado wewe unafika na kadi yako ya kosioni.

## Hatua ya 3: Jina, jina, jina

Sisi Wakongomani tuko na jina, postnom (jina la pili) na prenom. Wale wa kutengeneza tovuti za rezervasio wako na sanduku mbili tu. Mtu anaweka jina na prenom, postnom anaiacha, tiketi ya ndege inaandika vingine, halafu oteli inatafuta jina na haipati.

Fungua paspoti ku ukurasa wa picha. Angalia chini kabisa, kuna mistari miwili ya herufi kubwa yenye alama kama mishale midogo <. Mstari wa juu unaanza na P<COD, hiyo COD ni Congo yetu. Kinachofuata mpaka ukute mishale miwili pamoja << ni kile wanaita jina la familia. Kinachokuja nyuma ya ile mishale miwili ni majina mengine. Andika hivyohivyo mu sanduku mbili, herufi kwa herufi, usiongeze wala usipunguze, ata kama nyumbani hakuna mtu anakuita vile.

Na bibi yako pia. Kwetu bibi anabaki na jina lake, na paspoti yake haifanani na ya bwana. Hakuna shida yoyote, lakini andikisha majina MAWILI ku rezervasio, sababu ukifika wewe jioni na yeye alifika asubui peke yake, watamfungulia nani?

## Hatua ya 4: Fanya rezervasio, kisha uwaandikie wenyewe

Unaweza kupita tovuti yoyote, lakini soma kama bei ni ile isiyorudishwa. Hiyo inakuwa chini, inavutia, na ndege ikigeuzwa siku umepoteza yote. Kwa mtu wa Lubumbashi ambaye anategemea ndege za siku fulanifulani tu, mimi ninakataa hiyo bei kabisa, ata ikiwa chini kwa dola 30.

Baada ya hapo waandikie oteli barua pepe. Hapa njo unapata chumba kizuri, na watu hawajui. Mu jengo la zamani vyumba havifanani: kimoja kina dirisha la barabara, kingine la ndani, kimoja kimetengenezwa upya, kingine bado kinangojea, kingine kiko karibu na asanseri na utasikia milango usiku mzima. Anayeomba mapema njo anapewa. Stanley iko katikati ya mji kabisa, matatu (zile basi ndogo za Nairobi) na honi ziko chini ya dirisha, kwa hiyo kama usingizi wako ni mwepesi omba upande usio wa barabara, na ghorofa za juu. Norfolk iko na bustani ya ndani, omba upande wa bustani.

Andika hivi, kwa Kiswahili ao Kiingereza, wanasoma vyote:

"Habari. Nina rezervasio namba fulani, kuanzia tarehe fulani, usiku 3. Naomba chumba kilichotulia, kisichotazama barabara na kisicho karibu na lifti. Naomba pia kujua dipositi ni kiasi gani kwa usiku, kama mnapokea kwa dola taslimu, na kama bei yangu ina kodi zote na chai ya asubuhi. Je, bei ya wakaaji wa Afrika Mashariki inanihusu? Ninatoka Lubumbashi."

Swali la mwisho usiogope. Congo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na oteli nyingi za Kenya ziko na bei ya wakaaji wa ukanda huu. Wengine watakubali, wengine watakataa. Kuuliza haulipi.

Utajua umefaulu ukiwa na jibu lao lililoandikwa, lenye kiasi cha kosioni. Chapisha na hilo.

## Hatua ya 5: Siku ya safari

Valizi: usifunge vitu na sashe za plastiki, Kenya ilizikataza tangu mwezi wa 8 wa 2017. Na ndagala za kukauka za kumpelekea shangazi wa Nairobi, zifunge vizuri sana ao umpe siku ileile ya kufika. Harufu inaingia mu kapeti ya chumba na kuna oteli zinalipisha kusafisha.

Saa: Nairobi iko saa moja mbele yetu. Chumba kwa kawaida kinapatikana kuanzia 14h, na kule ukisikia "saa nane" ni hiyo 14h. Mukiandikiana andika tarakimu, 14h, 20h30, hakuna kuchanganya.

Ukitoka uwanja wa ndege Jomo Kenyatta, ni kama kilomita 18 mpaka katikati ya mji. Kuna barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa mwaka 2022, ni ya haraka sana saa za msongamano, lakini mwulize shofere kama malipo yake yako ndani ya bei ao juu yako.

Mlangoni wanaangalia chini ya gari na kioo, valizi zinapita mu machine, na wewe unapita. Ndugu mmoja aliwahi kukasirika akafikiri ni sababu ni Mkongomani. Hapana. Norfolk ililipuliwa na bomu tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 1980, na mwezi wa kwanza wa 2019 ikashambuliwa oteli nyingine mu mji uleule, DusitD2. Wanakagua kila mtu. Simama, pita, endelea.

Hapa siandiki historia, ila kitu kimoja. Barabara ya mbele ya Norfolk inaitwa Harry Thuku, jina la kiongozi aliyekamatwa na serikali ya wakoloni. Tarehe 16 mwezi wa 3 mwaka 1922 watu walikusanyika karibu na pale kudai aachiliwe, wakapigwa risasi, na mama mmoja anaitwa Mary Muthoni Nyanjiru ni kati ya waliokufa. Mimi nikifika pale ninasimama kidogo ku njia kabla ya kuingia. Halafu ninaingia nikiwa nimenyoosha mgongo.

## Hatua ya 6: Resepsio (soma hii mara mbili)

Mara ya kwanza nilipeleka mama yangu ku oteli moja kubwa ya Nairobi, sitaitaja, mimi sikujua haya yote. Mama alikuwa amevaa kikwembe chake kizuri cha sikukuu, ameshika kibegi juu ya magoti, amekaa ku kiti cha ngozi ambacho miguu yake haikufika chini vizuri. Kadi yangu wakaivuta mara tatu. Kila mara machine inalia, ninageuka, ninaona mama ananiangalia na anatazama pembeni ili nisione aibu. Tulikaa pale saa mbili na nusu mpaka rafiki akaleta shilingi mkononi. Njo sababu ninaandika mirefu hivi.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Kwanza mwenye kadi peke yake aende ku meza. Wazee na watoto wakae, waagize maji.

Pili, toa paspoti zote, karatasi ya rezervasio na lile jibu lao la kosioni, vyote pamoja, kabla hajaomba. Hii inageuza maongezi kabisa, anaona unajua.

Tatu, sema kabla kadi haijavutwa: "Naomba unionyeshe kiasi utakachoshika." Akuandikie ao akuonyeshe ku ekrani. Kama ni zaidi ya ile ya barua, onyesha barua.

Nne, machine ikikuuliza unalipa kwa dola ao kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, machine njo inakata bei ya kubadilisha, na bei yake ni mbaya. Kwa kipimo chako: tangu katikati ya 2024 dola moja inazunguka shilingi 129, sasa kama wanakupigia 118 utajua.

Tano, kadi ikikataa mara moja, SIMAMISHA. Usiache waivute mara tatu kama mimi. Kila kuvuta kunaweza kushika pesa tena, ata pale machine inasema imekataa, na banki ikiona mara tatu inafunga kadi. Piga ile namba ya banki, ao toa kosioni ya dola mkononi na uombe risiti yenye jina, kiasi na mhuri. Kosioni ya mkononi bila risiti ni zawadi.

Utajua umefaulu ukiwa na ufunguo ao kadi ya mlango, karatasi ya kiasi kilichoshikwa, na paspoti yako imerudi mkononi. Wanaweza kuipiga kopi, lakini usipande chumbani ukaiacha pale.

### Maneno ya kwetu ambayo kule yanageuka

Hapa ninawaomba sana, sababu nimeona watu wazuri wanakosana bure.

Usimwite dada wa resepsio "yaya". Kwetu ni heshima, ni mkubwa wako. Nairobi yaya ni mfanyakazi wa ndani anayelea watoto. Mwite dada, ao madamu. Mwanaume kaka, ao bosi.

Matabishi hawajui, wanasema tipu. Na usije ukasema "nitakupa kitu kidogo" ukifikiri ni adabu, kule kitu kidogo ni rushwa, na mbele ya askari utaeleza.

Tukisema mali wengi wetu tunataka kusema pesa, wao wanasikia vitu, utajiri. Sema pesa. Kosioni sema dipositi. Fakitire sema bili. Valizi, begi. Asanseri, lifti. Prizi, soketi. Ile "njo" yetu wanaisikia "njoo", nimeona mhudumu anatembea kuja mezani mara mbili kwa sababu hiyo.

Ukisema chai watakuletea chai yenye maziwa ndani tayari. Kama hutaki, sema chai ya rangi. Na bukari ni ugali, lenga-lenga uliza mchicha ao terere.

## Hatua ya 7: Chumba, dakika kumi kabla ya kufungua valizi

Usifungue valizi. Ukishatandaza nguo, kubadilisha chumba kunakuwa kazi, na oteli inajua.

Fungua maji ya moto na uyaache yatiririke, mu jengo la zamani yanachelewa kufika, mpe dakika tatu. Funga dirisha, nyamaza, sikiliza barabara. Washa kila taa. Jaribu sanduku la chuma la kufungia paspoti na namba yako mwenyewe. Piga picha ya friji ndogo, mlango wazi, kila chupa ionekane, na picha ya meza yenye vitafunio. Picha ile iko na saa yake, ikija kesho bili ya chupa mbili ambazo hukugusa, huna haja ya kupandisha sauti.

Kitu hakiko sawa? Piga sifuri ku telefoni ya chumba ao shuka, sema: "Naomba kubadilishiwa chumba, hiki kina kelele." Ni haki yako, si fadhili. Jengo la miaka mia na zaidi litakuwa na mlango unaolia na sakafu isiyo sawa, hiyo ivumilie, njo uzee wenyewe uliokuja kuulalia. Lakini maji baridi na kiyoyozi kinachopiga kelele, hapana.

Chupa za maji zenye karatasi ya "karibu" ni bure. Zile za friji si bure. Slipa na sabuni ndogo unaweza kutumia, joho la kuogea linabaki. Usipike kitu mu birika la maji, tafadhali.

Wageni: shangazi akija kukuona, akae nawe chini ku mkahawa, ao aandikishwe ku resepsio kabla ya kupanda. Kulala hapana, bei ni ya majina yaliyoandikwa.

## Hatua ya 8: Kukaa kwenyewe

Hapa sina mengi, uko likizo. Chai ya asubui, kama iko ndani ya bei, iwahi, iko na mwisho wa saa, na ukiila vizuri chakula cha mchana kinapungua.

Matabishi: kubadilisha dola kidogo kuwa noti ndogo za shilingi ufanye siku ya kwanza. Shilingi 100 ao 200 kwa anayebeba mabegi ni heshima. Mezani angalia bili kwanza, kama malipo ya huduma yameandikwa tayari haulazimiki kuongeza.

Na ata kama mfuko haukuruhusu kulala, unaweza kuingia. Thorn Tree, mkahawa wa Stanley, ndipo pale wasafiri walikuwa wanabandika barua ku mti wa mgunga ili mwenzao akipita siku nyingine aikute, kabla ya telefoni hizi. Kahawa moja pale, umekaa, unaangalia mji. Kwa wanaoogopa kabisa oteli kubwa mimi ninawaambia waanzie hapahapa nyumbani, Karavia ao Park Hotel, wanywe kahawa, waangalie watu wanavyofanya ku resepsio, hofu inatoka.

## Hatua ya 9: Kutoka

Usingoje asubui ya ndege. Usiku wa mwisho, baada ya kula, shuka uombe bili ya muda. Isome mstari kwa mstari, pole pole, umekaa. Kosa likiwepo linarekebishwa usiku bila haraka, asubui kuna mstari wa watu kumi na taksi inangoja.

Uliza saa ya kutoka, mara nyingi ni 10h ao 11h. Ndege yako ni ya jioni? Rudisha ufunguo kwa wakati na uombe waweke mabegi, hawalipishi. Kubaki chumbani bila kuuliza njo kunalipisha.

Ukilipa, omba vitu viwili: bili ya mwisho inayoonyesha sifuri, na uthibitisho kwamba kosioni imeachiliwa, wenye tarehe. Ya mkononi uhesabu palepale. Piga picha karatasi zote kabla ya kupanda taksi, ile karatasi ya machine inafutika ndani ya wiki chache na joto.

Hesabu wiki tatu. Pesa haijaonekana? Anza na banki yako, sababu mara nyingi oteli imeshaachilia na pesa imelala njiani. Wapelekee ile karatasi. Wakisema hawaoni kitu, iandikie oteli hivi, na uweke picha zote mbili:

"Habari. Nililala kwenu kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, rezervasio namba fulani. Bili ya mwisho ni sifuri, nimeambatanisha. Dipositi ya kiasi fulani bado imeshikwa. Naomba mnitumie tarehe na namba ya muamala wa kuiachilia ili benki yangu iitafute. Asante."

Ile namba ya muamala njo banki inaitaka. Ukiipata, wapelekee siku ileile, na uombe mtu aliyeipokea aandike jina lake ku kopi yako.